Rubisi ya Ukutani

Rågsved, Stockholm
12 Januari 2025

Kwa dada yangu Gaudiosa,

Sisi huku wazima, na kama wewe na nyumba yako mko wazima basi dunia imekaa sawa. Baridi imefikia kiwango cha kumfanya mtu mzima akumbuke jiko la kuni kwa machozi. Mama Queen hajambo, bado anahudumia wazee kule Farsta, na wazee hao wanampenda kuliko watoto wao. Mimi nimenenepa kidogo, kwa heshima. Lile goti la kushoto limeacha kulalamika tangu ninunue viatu vya Wajerumani. Tafadhali nisalimie migomba ya baba, mmoja mmoja. Juzi kazini niliwaeleza Waswidi kwamba ukianza kulizunguka shamba letu asubuhi na kiatu kipya, jioni unarudi peku. Wameamini. Mswidi hana tabia ya kubisha.

Najua utauliza, simu ipo, karatasi ya nini. Lakini ni wewe uliyesema jambo la posa halipiti kwenye simu, kwa sababu simu haina shahidi. Basi shika karatasi vizuri. Nina mambo mawili, moja ni la posa, na naanza na lile jingine kwa sababu limenijaa mpaka kooni.

Nimepata mwanamke. Usichane barua. Ni wa karatasi.

Kazi yangu unaijua: mtu akifariki au akihamia kwa wazee, sisi ndio tunaohamisha vitu vyake. Kabla ya Krismasi tulipelekwa Farsta, kwenye nyumba ya marehemu mmoja aliyekuwa baharia. Mpwa wake akasema vilivyoko stoo ya chini vyote vitupwe. Nyuma ya magodoro nikakuta bomba refu la karatasi ngumu. Nikavuta kilichomo. Dada, ikatoka karatasi ndefu kunizidi, na mimi si mfupi. Nyuma kote ni weusi mtupu, na katikati kuna mwanamke mwenye gauni la njano, njano ya ndizi iliyoiva jana. Ameruka, mguu mmoja uko hewani, amekumbatia chupa yenye ukubwa wa mtoto wa darasa la pili, na anacheka kama mtu aliyesamehewa. Chini kuna maneno ya Kifaransa. Kifaransa changu kinaishia bonjour, na elimu yangu unajua ilivyokoma darasa la saba kwa makubaliano kati yangu na mwalimu. Lakini nilielewa pale pale: ukinywa hiki, utaruka. Nimesoma Kifaransa bila kukisoma. Nshomile, nimesoma mimi, kama tunavyotamba Wahaya.

Nikamwomba mpwa wa marehemu, akasema chukua, umenipunguzia mzigo. Nikaipeleka kwa fundi wa fremu, Mswidi mmoja asiyecheka, na huyo alipoiona akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akaniambia hili ni bango la kweli la tangazo la pombe, la Ufaransa, karibu miaka mia sasa, na limechapwa kwa mawe. Ndiyo, mawe. Walichora juu ya jiwe, kila rangi na jiwe lake, halafu wakaligandamiza kwenye karatasi. Kwenye kona kuna kitu nilichodhani ni doa la kahawa, kumbe ni stempu ya kodi. Mfaransa alilipa kodi hata kwa kubandika picha ukutani. Mabango haya yalibandikwa barabarani ili mtu anayepita mbio aelewe kabla hajasoma. Yaani watu kama mimi. Walinifikiria kabla sijazaliwa.

Sasa yuko sebuleni juu ya kochi. Queen alipomwona akasema, "Pappa, sluta," yaani baba, acha.

La posa ni hili. Queen ana mchumba. Anaitwa Yvan, Mrundi, kazi yake ni kuchora matangazo, mpole, anakula kila anachowekewa. Baba yake anaitwa Jean-Bosco, anakaa Fittja, ni mtu anayeheshimika sana. Watakuja kujitambulisha. Lakini neno ni lako wewe shangazi. Ukisema "nimepokea", mtoto ameolewa. Usiposema, hata askofu akija na kofia yake anajisumbua. Queen, ambaye siku hizi nikimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiswidi, aliniuliza jikoni huku anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi: "Baba, shangazi atakubali?" Kwa Kiswahili, dada. Basi ujue lina uzito.

Mimi mdogo wako,
Ladislaus


Bukoba
20 Februari 2025

Mdogo wangu Ladislaus,

Nimeipata barua yako. Ilikaa njiani mpaka nadhani imejifunza lugha mbili. Mimi mzima, kifua tu wakati wa umande. Bati la upande wa kisima liling'oka kwa upepo, limerudishwa. Kwaya imenifukuza kwenye sauti ya kwanza na kunipeleka ya pili, wanasema ni heshima. Migomba uliisalimia, salamu zimefika.

Nimemsoma mwanamke wako wa karatasi. Umempa ukurasa mzima na nusu. Mchumba wa mtoto umempa mistari miwili, na baba mkwe umempa maneno matatu, "mtu anayeheshimika sana". Hiyo si kazi, Ladi. Hata mwizi wa ng'ombe kwao anaheshimika. Niambie Jean-Bosco ni mtu wa namna gani.

Kuhusu neno langu. Siku yangu mimi ya kuposwa, kibuyu kililetwa kimezibwa kwa jani, kikawekwa mbele ya shangazi yetu. Baba alikuwa amekaa, wazee wamekaa, na hakuna aliyekohoa. Shangazi akaonja yeye kwanza, akafuta mdomo, akasema "nimepokea". Hapo ndipo watu wakaanza kuongea. Kwa hiyo nauliza: mimi nitapokea nini? Maneno? Maneno katika ukoo huu tunayo ya kuuza. Nataka rubisi, pombe ya ndizi hasa, si soda. Na iwe ya upande wao, waitafute wao wenyewe, mimi niionje mbele ya wazee. Isipokuja, sitasema neno lile, na simwonei mtu. Mtoto anayetolewa bila kitu cha kuonjwa, siku ya ugomvi atasemaje alipokewa na nani?

Mwambie Queen nampenda. Mwambie kwa Kiswahili.

Dada yako,
Gaudiosa


Rågsved
23 Machi 2025

Dada Gaudiosa,

Theluji imeanza kuyeyuka, na Waswidi wamekaa juani wamefumba macho kama mijusi. Mama Queen anakusalimu, amekununulia sweta. Pole kwa kifua. Kunywa tangawizi, mimi hapa nimewafundisha jengo zima kunywa tangawizi na sasa hakuna anayekohoa mpaka ghorofa ya nane.

Wageni walikuja. Ningekuwa na uwezo ningekuletea jioni ile nzima ndani ya bahasha. Mama Queen alitaka kumfunika mwanamke wangu kwa kitenge. Nikamwambia huyu mama amesimama barabarani Ufaransa mchana kweupe, leo afunikwe Rågsved? Basi akabaki wazi.

Jean-Bosco akaingia. Mrefu, suti nyeusi, sauti ya chini. Akavua viatu, akainua uso, akakutana naye. Akasimama pale na soksi zake. Dada, nilihesabu makosa yangu yote. Halafu akasogea karibu akaanza kusoma, kwa sababu yeye Kifaransa amekisoma hasa, si kama mimi. Akasema hiyo ni divai chungu yenye kwinini, na maneno ya chini yanasema inafungua hamu ya kula. "Walikuwa wanaiuza kama dawa," akasema. Nikamwambia hapa Uswidi nako ni hivyo hivyo, pombe kali inauzwa na duka la serikali, Jumamosi alasiri limefungwa kama zahanati. Akacheka. Akicheka anashika tumbo kwa mikono miwili. Nikajua tumepata mkwe.

Chakula kilikuwa kingi. Aliomba kabla ya kula, aliomba vizuri, aliombea mpaka shamba letu, wali ukapoa kidogo. Yvan alikula sahani tatu. Queen alicheka muda wote kwa sauti ambayo sikuijua kama anayo.

Nikawaeleza sharti lako. Wakatazama sahani zao kwa adabu. Sasa mimi nimewaza, na unajua nikiwaza huwa nawaza. Fittja hakuna mgomba hata mmoja. Wewe unayo migomba ya pombe ya baba, inayotosha kulewesha jeshi na bendi yake. Kamulisha kibuyu kimoja, kizibe kwa jani, kiweke mbele yako, tuseme ni chao. Kibuyu hakina pasipoti. Wazee watajuaje?

Nasubiri jibu lako, na Queen anasubiri kunishinda.

Ladislaus


Bukoba
22 Aprili 2025

Ladi,

Pasaka imepita salama. Asante kwa sweta, hata kama bado liko kwenu.

Rubisi sitakamulisha. Mvua ni nyingi, na mkamuaji anaumwa kiuno. Hata kiuno kikipona, sitakamulisha. Usiniulize zaidi.

Na wewe nikuulize. Umeniandikia suti, soksi, sahani za Yvan na tumbo la mkwe. Hujaandika alikunywa nini. Wewe, Ladislaus, ambaye ukienda msibani unaniandikia hata rangi ya soda. Mtu anayeombea wali mpaka unapoa na barua haitaji glasi yake, mimi namjua ni nani. Nataka nisikie kwako.

G.


Rågsved
15 Juni 2025

Dada yangu,

Barua hii hujaipokea posta. Aliyekukabidhi ndiye Jean-Bosco mwenyewe, yuko mbele yako sasa, kwa hiyo mkaribishe akae kwanza ndipo usome. Sisi wazima wote. Jua halitaki kuzama, ndege wamechanganyikiwa, na mimi pia.

Haya. Ni mlokole. Ni mchungaji, wana kanisa lao Jumapili kwenye ukumbi wa kukodi. Aliapa kuacha pombe alipotoka kambi ya wakimbizi, hajaigusa tena, na kwetu alikunywa maji, glasi mbili. Sikuandika kwa sababu nilijua ungesema sasa rubisi itatoka wapi, na mimi nilikuwa sina jibu. Mtu wa majibu kama mimi, dada, nikae bila jibu hata moja.

Ulipokataa kukamulisha, nilimweka Queen chini nikamwambia. Hakulia. Alisema tu, "Okej," akaenda kulala saa mbili usiku wakati jua lipo dirishani. Wiki ile hakuniuliza tena habari za shangazi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikamwita Jean-Bosco aje. Nikamwambia yote: wewe unataka rubisi ya upande wao, kwako haitakamuliwa, basi. Alikaa kwenye kiti kinachotazamana na mwanamke wa njano, kikombe cha kahawa kimemganda mkononi. Akaniambia kwao kijijini baba yake ndiye aliyekuwa akigawa pombe ya ndizi kwenye posa, na hakuna aliyekwenda kuomba binti wa watu mikono mikavu. Yeye anaona aibu kuja kwako mikono mikavu. Lakini kiapo ni kiapo. Nikasema naelewa. Akabaki anamtazama yule mama.

"Ladislaus," akasema, "huyu miaka yote hii amebeba chupa. Amemlewesha nani?"

Nikasema hajamlewesha mtu, labda mimi kidogo.

Akaweka kikombe chini. "Niliapa nisinunue, nisibebe, nisimimine. Kuchora hakumo."

Dada, nilimkumbatia mchungaji mpaka miwani yake ikaanguka.

Tukampigia Yvan usiku ule ule. Akaja na kalamu zake. Akaniambia, baba, nisimulie shamba. Umewahi kuniona nikiombwa kusimulia shamba? Nilimpa migomba yote. Kule mbele ile ya matoke, nyuma ya pombe, ule mfupi wa mkono wa tembo uliokuwa ukimkwaruza baba kofia, na ule ulioegemea ukuta wa jiko kama mlevi anayesubiri kufunguliwa. Yvan anachora, mimi nasahihisha, Queen anatuletea chai na mara hii hakusema acha. Yeye ndiye aliyekumbuka kisima, na alikiona mara moja tu akiwa na miaka sita.

Halafu hakutaka mashine ya kawaida. Kuna karakana moja mjini ya wachapaji wa sanaa ambako mawe bado yapo, yale yale ya Kifaransa. Wakatupa siku mbili. Rangi ya njano tuligombana, wao wanaleta njano ya limau, mimi nasema hapana, ndizi iliyoiva jana. Na gurudumu la mashine ni zito, linazungushwa kwa mkono, jiwe linapita chini kwa sauti ya mlango wa kanisa. Nani alilizungusha? Huyo aliyekaa mbele yako. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akazungusha. Sijawahi kumwona mlokole akitoa jasho jingi namna ile kwa ajili ya pombe.

Sasa fungua bomba alilokuletea. Anayeruka ni wewe, sura tuliitoa kwenye picha ya Krismasi. Kilichokumbatiwa ni kibuyu. Juu pameandikwa RUBISI YA GAUDIOSA, na chini, maneno ya Jean-Bosco: HUFUNGUA MLANGO. Wameitafuta wao wenyewe, ni ya upande wao, na imebebwa kwa mkono kutoka Uswidi.

Ukikataa mimi sitakununia. Sina uwezo wa kukununia, nimejaribu tangu utotoni. Lakini Queen yuko hapa, ananitazama ninavyoandika, na hajanywa chai yake.

Mdogo wako,
Ladislaus


Bukoba
30 Julai 2025

Ladislaus mdogo wangu,

Mimi mzima. Kifua kimepoa, sweta limefika na linanitosha. Mkwe alifika salama, alipitia kwanza kwao Burundi kisha akapanda huku kwa barabara ya Ngara. Kapu la kahawa za kutafuna nililomwekea, alitafuna kama mtu wa hapa. Nimempenda. Sikutaka, lakini nimempenda.

Niliwaita wazee. Alikuja Bethuel, mtoto wa baba mkubwa, na fimbo yake na ukali wake, na wengine watano. Mkwe akasimama, akaeleza kwa Kiswahili chake cha Bujumbura kwamba amekuja kuomba binti na amebeba alichoweza kubeba. Kisha akalifungua bango, yeye juu, kijana wa jirani chini.

Hakuna aliyekohoa.

Sasa nisikilize na wewe, kwa sababu hii ndiyo zamu yangu. Migomba haipo, Ladi. Mnyauko uliingia mwaka juzi. Majani yakaanza kugeuka njano kutoka ndani, ukikata shina linatoa usaha. Mabwana shamba walikuja wakasema ing'olewe yote na kufukiwa, isiambukize wengine. Yote. Ule wa ukuta wa jiko niliukata mwenyewe, sikutaka mgeni aukate. Ulipoandika niisalimie mmoja mmoja, nilitoka nje nikasimama kwenye uwanja mtupu, nikarudi ndani nikaandika salamu zimefika. Na nilitaka rubisi itoke kwao kwa sababu kwetu haikuwapo, hata ya kulowesha mdomo.

Sikukuambia. Ningekuambia, ungeacha kuwatambia Waswidi, na wewe bila kutamba sijui ungebaki na nini huko baridini.

Basi mkwe akafungua ile karatasi, na shamba likawa limesimama sebuleni kwangu. Ya matoke mbele, ya pombe nyuma. Mkono wa tembo uko pale pale pa kofia ya baba. Nikaona ukuta wa jiko. Ladi, umeegemea vile vile.

Bethuel ndiye aliyetangulia kuongea. "Na hii," akasema, "tunainywaje?"

Mkwe akamjibu, "Kwa macho, mzee."

Bethuel akasogea na fimbo yake, akatazama muda mrefu, akaanza kuitaja migomba kwa majina. Alipofika wa mwisho akarudi kitini, akasema, "Basi mimi nimeshalewa, msinipe nyingine." Wazee wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Walipotulia, wote wakanigeukia. Nikasimama. Nikaliendea bango nikaweka uso karibu na kibuyu, bado kinanuka rangi. Nikafuta mdomo, kama shangazi alivyofuta. Nikasema, "Nimepokea."

Mkwe alikaa chini ghafla akajifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili.

Kituo cha kilimo kimeniahidi machipukizi safi, yasiyo na ugonjwa. Nitayapanda mvua za vuli zikianza. Vijana watakaochimba mashimo nimewaleta sebuleni, nikawasimamisha mbele ya ukuta, nikawaambia wasipime kwa kamba, wafuate hii. Wataanza na ule wa ukuta wa jiko.

Mwambie Queen mlango uko wazi. Na mwambie Yvan amefanya kazi nzuri, ila miguu aliyonichorea ni ya yule Mfaransa. Yangu ni mizuri zaidi.

Dada yako,
Gaudiosa